Alice, Pinocchio au Peter Pan: Kumchagulia Kitabu Mtoto Anayeanza Kujiuliza Yeye ni Nani

Kila mwaka, tangu darasa la saba wamalize mtihani wao mwezi Septemba hadi shule zifunguliwe Januari, nyumba nyingi za huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania huwa na mtoto ambaye hakuna anayejua amweke kundi gani. Akikaa na wadogo zake huambiwa yeye ni mkubwa, aache utoto. Akisogea kwa wakubwa huambiwa mazungumzo hayo si ya watoto, aende akaangalie ndizi jikoni. Sweta ya shule ya msingi imemwishia juu ya viganja, na ya sekondari bado haijanunuliwa. Nina rafu ya vitabu vya kuazima nyumbani kwangu Uyole, na ni katika miezi hiyo ambapo wazazi na walezi huja kuniuliza ni hadithi gani itamfaa mtoto wa namna hiyo, aliyeanza kujiuliza yeye ni nani na anageuka kuwa nini.

Katika hadithi za ajabu zilizoandikwa kwa ajili ya watoto zamani na zinazosomwa hadi leo, tatu hunijia mkononi kila ninapoulizwa hivyo: Alice katika nchi ya ajabu, ya Lewis Carroll (1865), Pinocchio, ya Carlo Collodi (1883), na Peter Pan, ya J. M. Barrie, ambayo riwaya yake ilitoka mwaka 1911. Zote tatu zinahusu mtoto na kukua, lakini kila moja inalishika jambo hilo kwa upande wake, na nimeona mtoto akirudisha kitabu kizuri baada ya kurasa kumi kwa sababu tu hakikuwa kinajibu alichokuwa anajiuliza wakati ule.

Vigezo nilivyotumia

Nimezilinganisha kwa mambo matano. La kwanza, na lenye uzito kuliko mengine yote, ni swali ambalo hadithi inamwuliza mtoto kuhusu nafsi yake. La pili ni namna inavyoutazama mwili unaobadilika, kwa kuwa katika umri huo mwili ndio unaoanza kumshangaza mwenyewe. La tatu ni sura ya wakubwa: je, wanaaminika, wanachekesha au wanatisha? La nne ni lugha, pamoja na urahisi wa kukipata kitabu. La tano ni mambo ambayo hayafai kuachiwa mtoto ayasome peke yake bila mtu wa kumwuliza.

Funzo sikuliweka kuwa kigezo, ingawa ndilo wazazi wengi wanaloulizia kwanza. Kwa kipimo hicho Pinocchio angeshinda kabla mashindano hayajaanza, maana karibu kila sura yake ina onyo, na Alice angetolewa nje kabisa, jambo ambalo lingekuwa hasara.

Vitabu vyenyewe

Lewis Carroll ni jina la kalamu la Charles Lutwidge Dodgson, mhadhiri wa hisabati wa Oxford, ambaye tarehe 4 Julai 1862 alisimulia hadithi hiyo ndani ya mashua kwa mabinti watatu wa mkuu wa chuo chake, mmoja wao akiitwa Alice. Collodi, ambaye jina lake halisi ni Carlo Lorenzini, alikuwa mwandishi wa mji wa Florence nchini Italia. Alianza kuchapisha Pinocchio kwa vipande katika gazeti la watoto mwaka 1881, na kwanza aliishia sura ya 15, Pinocchio, kikaragosi cha mti, akiwa amenyongwa kwenye mwaloni, kabla hajakubali kuendelea hadi sura ya 36. Barrie, Mskoti, alimleta Peter Pan jukwaani London tarehe 27 Desemba 1904, kisha akaandika riwaya miaka saba baadaye.

Watu wengi wanazifahamu hadithi hizi kupitia katuni za Kimarekani za mwaka 1940, 1951 na 1953. Ni vizuri kuziweka kando katuni hizo kabla ya kufungua vitabu. Yule nyenje anayemshauri Pinocchio, kwa mfano, ambaye kwenye katuni anaimba hadi mwisho, katika kitabu anapigwa nyundo ukutani na kufa kwenye sura ya nne.

Swali ambalo kila hadithi inauliza

Alice anaulizwa wazi kwamba yeye ni nani, na uzuri wa kitabu ni kwamba hana jibu. Katika sura ya pili, baada ya kufupika na kurefuka mpaka kichwa kikagonga dari, anaketi kujikagua kama karani anayehakiki orodha ya majina. Labda usiku amebadilishwa akawa mtoto mwingine anayemfahamu? Hawezi kuwa Ada, kwa sababu nywele za Ada zimejiviringa na zake hazijiviringi hata kidogo. Hawezi kuwa Mabel, kwa sababu Mabel hajui kitu. Ili apate hakika anajaribu hesabu za kuzidisha, na nne mara tano inampa kumi na mbili. Anajaribu shairi alilofundishwa, la nyuki mwenye bidii, na kinywani linatoka shairi la mamba. Hapo anakata shauri: wakija kumwita kutoka juu ya shimo alilotumbukia, kwanza watamwambia yeye ni nani, na akipendezwa na huyo mtu ndipo atapanda, asipopendezwa atabaki chini mpaka awe mwingine.

Sehemu hiyo nilimsomea binti wa mdogo wangu jioni moja ya Juni, tumeketi karibu na jiko la mkaa, akiwa amerudi likizo yake ya kwanza tangu aingie kidato cha kwanza. Shule ya msingi alikuwa wa kwanza darasani mwaka hadi mwaka, kwa Kiswahili; sekondari masomo yote yalikuwa yamegeuka kuwa Kiingereza, na mkono aliokuwa akiunyoosha kabla swali halijaisha sasa ulikuwa unabaki chini ya dawati. Nne mara tano ilimchekesha. Tulipofika kwenye shairi aliacha kucheka, akaniomba nirudie. Kisha akasema, “Mama mkubwa, ndivyo inavyokuwa. Jibu unalijua, ukifungua mdomo linatoka lingine.” Sijapata maelezo bora zaidi ya sura hiyo kwa msomaji yeyote mwenye umri wangu.

Pinocchio anauliza jambo tofauti: nifanye nini ili nihesabiwe kuwa mtu? Sisi swali hilo tunalo katika lugha yetu wenyewe, kwa maana hakuna mtoto wa hapa ambaye hajaambiwa, “Soma uwe mtu,” na huenda hakuna aliyewahi kuuliza sasa hivi yeye ni nini. Kikaragosi huyo, aliyechongwa na mzee Geppetto ambaye ndiye baba yake, anaongea tangu akiwa gogo, anacheka, analia, ana njaa, lakini bado si mtu. Yule mwanamke wa ajabu mwenye nywele za buluu, ambaye Pinocchio alimwacha akiwa msichana mdogo na kumkuta amekuwa mama mzima, anamweleza kwamba vikaragosi huzaliwa vikaragosi, huishi hivyo na hufa hivyo, na kwamba yeye atatoka katika hali hiyo kwa utii, kwa kusema kweli na kwa kwenda shule. Italia iliungana kuwa taifa moja mwaka 1861, na mwaka 1877 ilitunga sheria ya kulazimisha watoto kusoma. Kitabu kinabeba haraka ya nchi changa inayotaka kuwatengeneza raia wake darasani. Wasomaji wa rika langu watakumbuka kwamba mwaka 1977, miaka mia moja kamili baadaye, nchi yetu nayo ilianza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ule tuliouita UPE.

Hata hivyo, shule siyo inayomfikisha Pinocchio mwisho wa safari. Kinachomfikisha ni kazi anayoifanya kwa ajili ya mtu mwingine: anazungusha gurudumu la kuvutia maji, ndoo mia moja kwa bilauri moja ya maziwa ya baba yake mgonjwa, na usiku anajifunza kusuka vikapu. Mtoto wa Iringa aliyemwona bibi yake akiloweka milulu na kuisuka kikapu mpaka vidole vikachubuka hahitaji kuelezwa bilauri ile imegharimu nini. Siku akiamka akiwa mvulana wa kweli, Pinocchio anakitazama kile kikaragosi cha zamani kilichoegemezwa kwenye kiti, kichwa upande, mikono ikining’inia, na kusema alikuwa anachekesha jinsi gani. Mimi sehemu hiyo hunitia baridi. Aliyeteseka njia nzima ni yule wa mti, na huyu mpya anamcheka. Ukimsomea mtoto, simama hapo na umwulize ni yupi kati ya hao wawili aliyemwokoa Geppetto.

Swali la Peter Pan ni hili: itakuwaje nikikataa? Mama yake Wendy, msichana ambaye Peter alimrusha hadi kisiwani kwake, anapotaka kumchukua Peter amlee, kijana huyo anauliza kama atapelekwa shule, kisha ofisini, kisha awe mwanaume mwenye ndevu. Anapoambiwa ndiyo, anaruka zake. Wale wavulana wengine waliopotea, walioishi naye kisiwani, wanakubali kulelewa, na Barrie anatueleza kwa sentensi chache kavu walivyoishia: mmoja jaji, wengine watu wa ofisini wenye mkoba na mwavuli, na uwezo wa kuruka umewatoka kidogo kidogo kwa kutoutumia. Mwandishi hasemi nani amechagua vizuri. Peter haumwi na kukua, lakini pia hakumbuki kitu: akimaliza kumshinda adui yake mkubwa anamsahau, na hata rafiki aliyetaka kufa kwa ajili yake anamsahau. Anayekataa kukua hapati historia.

Kwa wasomaji wa Rungwe na Kyela nina jambo la kuongeza hapa. Wanyakyusa walikuwa na desturi ya vijiji vya rika, aliyoieleza kwa kirefu Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miongoni mwao katika miaka ya 1930. Wavulana walipofika miaka kumi hivi waliondoka kwenye nyumba za baba zao wakajenga vibanda vyao pembeni, wakilala huko na wenzao, na kurudi kwa makundi kula kwa mama wa huyu leo na wa yule kesho. Ukiitazama kwa mbali, ni kisiwa cha Peter Pan kabisa: watoto wa kiume peke yao, nyumba zao wenyewe, hakuna mzee wa kuwaamuru walale. Ila kijiji kile cha vibanda kilikusudiwa kuwa kijiji cha watu wazima baadaye, wenye wake na mashamba, na siku ilipofika kizazi cha baba kilikabidhi nchi kwa kizazi hicho. Kisiwa cha Peter hakikabidhiwi chochote. Mtoto ambaye babu yake bado anakumbuka habari za vijiji vya rika atakuwa na cha kulinganisha ambacho mtoto wa London hakuwa nacho.

Mwili unaobadilika

Alice ndiye bingwa hapa. Anabadilika kimo mara nyingi kiasi kwamba mtoto akijaribu kuhesabu atapoteza hesabu. Njiwa anayeiona shingo yake ikichomoza juu ya miti anamwita nyoka, na Alice anapojitetea kwamba ni msichana mdogo anajikuta akisema hivyo kwa mashaka, kwa jinsi alivyobadilika siku hiyo. Sehemu ninayoipenda zaidi iko mahakamani: Alice anaanza kurefuka bila kula wala kunywa chochote, na panya msinziaji aliyeketi karibu yake analalamika kwamba anambana, na kwamba hana haki ya kukua mahali hapo. Alice anamjibu kwamba hata yeye anakua. Ndiyo, anasema panya, lakini mimi nakua kwa kiasi. Kila binti aliyewahi kutazamwa na shangazi kuanzia kichwani hadi miguuni na kuambiwa “wewe nawe umekua haraka” amekutana na panya huyo.

Watu wanapomtaja Pinocchio hufikiria pua, na pua kwa kweli hurefuka mara chache tu. Linalomhusu kijana zaidi ni masikio. Baada ya miezi mitano katika nchi ya michezo, mahali pasipo na shule wala vitabu, Pinocchio anaamka na masikio ya punda, anayaficha kwa kofia na kwenda kwa rafiki yake, ambaye naye anamkuta amevaa kofia hadi puani. Kila mmoja anasingizia maumivu mengine. Wanapokubaliana kuzivua pamoja wanacheka mpaka kicheko kinageuka mlio wa punda. Collodi alikusudia kuwaonya wavivu, lakini mvulana ambaye sauti yake imeanza kukatikakatika darasani ataisoma sura hiyo kwa sababu zake mwenyewe, na pengine ataona nafuu kwamba masikio hayakumwota peke yake.

Katika Peter Pan mwili wa Peter haubadiliki. Bado ana meno yake yote ya utoto. Anayekua ni Wendy, na kukua kwake kunaonekana katika tukio moja la mwisho, pale Peter anaporudi baada ya miaka mingi na kumkuta ameketi sakafuni karibu na moto, mwanamke mzima anayejikunyata gizani ili aonekane mdogo.

Wakubwa

Wakubwa wa nchi ya Alice ni wenye cheo na kelele, na maneno yao hayana mantiki. Mfalme anasoma kanuni ya 42, kwamba wote wenye kimo cha zaidi ya maili moja watoke mahakamani. Alice anamwambia ameitunga papo hapo, Mfalme anasema ni kanuni ya zamani kuliko zote, naye Alice anajibu kwamba basi ingekuwa namba moja. Mtoto aliyelelewa kwa heshima ya kwetu, anayepokea vitu kwa mikono miwili na kumsalimia kila mkubwa shikamoo, hushtuka na kufurahi kwa pamoja, na ni juu ya mzazi kuamua kama yuko tayari kwa mazungumzo yanayofuata. Tena watoto wetu hutarajia Sungura awe mjanja. Huyu wa Carroll ni mtumishi mwoga mwenye saa, anayehofia kuchelewa kwa bosi wake. Hilo peke yake huwachekesha.

Pinocchio ana wakubwa wa kila aina, kama maisha. Geppetto anauza koti lake wakati wa theluji ili anunue kitabu cha alfabeti, na mtoto wa Makete au Njombe anayejua asubuhi ya Julai ilivyo ataelewa koti ni kitu gani. Wapo pia Mbweha na Paka, wanaomshawishi apande sarafu zake za dhahabu ardhini ili ziote mti wa fedha. Nchini kwetu mwaka 2009 watu wazima wengi waliingia kwenye upatu ambao kuweka pesa kuliitwa kupanda na kulipwa kuliitwa kuvuna, kwa hiyo nashauri mtoto asiachwe kumcheka Pinocchio sana. Yupo pia hakimu nyani, anayemfunga kikaragosi jela kwa kosa la kuibiwa.

Kwa Barrie, baba yake Wendy ni mtoto mwenye suti. Anamdanganya mwanawe kuhusu dawa chungu, kisha kwa majuto anahamia kibanda cha mbwa. Tangu onyesho la kwanza imekuwa kawaida mwigizaji mmoja kucheza nafasi ya baba huyo na ya Kapteni Hook, yule adui mkubwa wa Peter, na ukilijua hilo unaanza kumwona Hook naye kuwa mtu mzima anayekimbizwa na muda, kwa maana mamba anayemfuata amemeza saa. Watoto wa Matema, wanaoishi jirani na ziwa, hutaka kwanza kujua huyo mamba ana urefu gani.

Lugha na upatikanaji

Alice ana faida kubwa kwetu, kwa kuwa amekuwa akisomwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1940, tafsiri ya E. V. St Lo Conan-Davies ilipotoka kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, huku picha zikimwonyesha Elisi kuwa msichana wa Kiafrika. Na mwaka 2015 ilitoka tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Ugumu wake uko kwenye utani wa maneno, ambao mwingi unategemea Kiingereza, na kwenye mashairi yanayokejeli mashairi ya shule za Uingereza ambayo mtoto wetu hayajui. Akiruka machache hatapotea njia.

Pinocchio mimi humsimulia kwa Kiswahili kutoka kwenye tafsiri ya Kiingereza, na hasumbui: sentensi ni fupi, kila sura ina tukio, na kwa kuwa ilichapwa kwa vipande inafaa kusomwa sura moja kila usiku. Peter Pan ndicho kigumu. Masimulizi ya Barrie yana kejeli inayozungumza na mzazi juu ya kichwa cha mtoto, na kijana wa kidato cha kwanza atahitaji msaada, ingawa wa kidato cha tatu atafurahia kuigundua kejeli hiyo peke yake. Maandishi ya asili ya Alice na Peter Pan, pamoja na tafsiri za zamani za Kiingereza za Pinocchio, yanapatikana bure kwenye intaneti.

Yanayohitaji mtu karibu

Kwenye Alice kuna kiwavi anayevuta kiko cha maji, ambacho vijana wa leo watakiita shisha, na malkia anayeamuru watu wakatwe vichwa bila hata mmoja kukatwa. Mimi sijaona mtoto aliyedhurika.

Pinocchio anatisha zaidi kuliko wazazi wanavyodhani. Miguu yake inaungua akiwa amelala ameiweka juu ya jiko la mkaa, ajali ambayo katika baridi yetu si ya kubuni hata kidogo; ananyongwa; anakuta kaburi la yule mwanamke mwenye nywele za buluu, lenye maandishi kwamba alikufa kwa huzuni ya kuachwa naye. Hilo la mwisho nalikataa kumsomea bila maandalizi mtoto aliyefiwa na mama. Katika mikoa yetu, ambako watoto wengi wamelelewa na bibi zao, wako watoto ambao tayari wanabeba siri kwamba huenda wao ndio walisababisha.

Peter Pan ana mambo mawili. Wenyeji wa Marekani wamechorwa mle kwa majina na tabia za dharau, na mtoto aelezwe kwamba huyo ni mwandishi asiyewajua akiandika kwa kubahatisha. Sisi ambao tumewahi kuandikwa hivyo tunaweza kulieleza kwa urahisi. La pili ni dirisha. Peter anasimulia kwamba aliwahi kurudi kwa mama yake, akakuta dirisha limefungwa kwa nondo na mtoto mwingine amelala kitandani pake. Barrie mwenyewe alikuwa na miaka sita kaka yake alipokufa kwa ajali kwenye barafu, na mama yao akawa akimwona marehemu kuwa mvulana asiyezeeka. Kwa mtoto anayeishi kwa ndugu, au ambaye mzazi wake ameanza familia nyingine mjini, dirisha lile linaweza kuwa ukurasa mzito kuliko kitabu kizima.

Kwa hali ipi, kitabu kipi

Mtoto aliyehamishwa, aliyeingia shule ya bweni, aliyegeuziwa lugha ya masomo au anayeambiwa kila siku kuwa amebadilika, nampa Alice, kwa Kiswahili kwanza. Akiwa hana uvumilivu wa kuanza mwanzo, aanze na sura ya tano, ya kiwavi na uyoga, kisha arudi nyuma mwenyewe.

Mvulana wa miaka tisa hadi kumi na mmoja mwenye marafiki wanaomvuta huku na huku, au yule anayeamini amezaliwa mbaya kwa sababu ameambiwa hivyo mara nyingi, nampa Pinocchio, asomewe na mtu anayempenda, kwa kuwa kitabu hicho kinamsamehe mhusika wake kila mara, na msamaha huo husikika vizuri zaidi ukitoka kwenye sauti ya baba au babu. Familia za mafundi, hasa kule Mafinga na Njombe ambako mbao zinapita barabarani kwa malori mchana na usiku, hukipokea kwa haraka zaidi.

Msichana mkubwa katika nyumba, yule ambaye tangu ana miaka tisa anabeba mdogo mgongoni na kuonja chumvi ya mboga, atamtambua Wendy, ambaye hata kisiwani kwenye ajabu zote alipewa kazi ya kupika na kushona soksi. Nampa Peter Pan akifika miaka kumi na minne hivi, na namwambia asiharakishe sura ya mwisho. Kijana anayeogopa kumaliza shule naye kitamfaa, anayeomboleza asubiri.

Watoto wa umri tofauti wakiwa nyumba moja, soma Pinocchio jioni kwa wote na umwachie mkubwa Alice asome mwenyewe mchana. Na ikiwa mtoto ni yule wa Desemba niliyemtaja mwanzo, asiye na sare wala kundi, mlete Uyole achague mwenyewe. Mara nyingi huanza kwa kuangalia picha, na kitabu anachokaa nacho chini bila kuombwa ndicho ninachomwandikia kwenye daftari.